Ngurumo ya Kutua

Nilifika Kisondela kwa bodaboda kutoka Tukuyu mjini, matope mpaka magotini, nimechoka kiasi cha kuichukia hata chai niliyokaribishwa. Likizo yangu ya siku nne nilikuwa naitumia kumchukua baba mkwe nimpeleke Dar es Salaam hospitali, na kabla sijakaa vizuri mama mkwe akanipa habari: mzee hasafiri.

"Anasema ndege hapandi tena. Bora afie hapahapa kwenye migomba yake."

Jicho lake la kushoto lilikwisha kuzima. La kulia lilipasuliwa miezi mitatu nyuma, na daktari alisema wazi kwamba asiporudi kumaliziwa, nalo litakwenda. Basi la kutwa nzima mgongo wake hauliwezi. Ilikuwa ni ndege au upofu, na mzee alikuwa amechagua upofu.

Sababu yake niliijua. Safari ya kwanza, alipokwenda kupasuliwa, magurudumu ya ndege yalipogusa lami, injini zilinguruma ghafla, kwa nguvu kuliko zilivyonguruma angani. Yeye aliendesha mashine ya kusaga kule Masoko nusu ya maisha yake. Akaamini rubani amezungusha injini kinyume ili asimame, na injini ikifanyiwa hivyo huvunjika vipande. Walipona kwa bahati tu, alisema. Mwanawe, yaani mume wangu, alimpigia simu kumbishia, akajibiwa kwamba mtu wa ofisini asimfundishe mashine.

Anayejua ni mimi. Kazi yangu ni kufungua na kufunga mapanga ya ndege hizohizo, yale yanayozunguka mbele ya injini. Lakini kwa mila ya kwao, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hawasemezani. Wengi wameacha. Yeye hakuacha, na mimi niliyetokea Singida nimekubali, miaka kumi na moja sasa, kuzunguka nyuma ya nyumba kila nikisikia anakohoa. Siku ile, kusema kweli, mila ilinichosha kuliko safari.

Nikabaki jikoni. Yeye alikuwa sebuleni, mlango wa katikati uko nusu wazi. Mama mkwe alikuwa anachoma ndizi. Nikachukua kipande cha boksi anachopepelea moto.

"Mama," nikasema kwa sauti ya kufika kule, "mwambie baba injini haizungushwi kinyume hata kidogo. Atazame moshi."

Nikapitisha boksi juu ya moto, kulia kwenda kushoto, nimelilaza upande mmoja. Moshi ukaenda mlangoni. Nikapitisha tena, kulia kwenda kushoto vilevile, ila sasa nimepindua kiganja. Moshi ukanirudia machoni.

"Mkono umekwenda kulekule. Kilichogeuka ni kiganja. Kila panga la ndege hupinduka hivyo kwenye shina lake. Ndege ikishagusa chini, rubani anayapindua, upepo uliokuwa unasukumwa nyuma unasukumwa mbele, mwendo unapungua. Ile kelele ni injini kuongezewa nguvu ya kusukuma. Na kipo kizuizi, ili angani yasipinduke hivyo."

Mama mkwe aliyarudia yote, ingawa mlango ulikuwa hatua tatu tu. Halafu mzee akakohoa moshi.

"Mwambie apitishe tena," akasema.

Nikapitisha tena, na tena, labda mara ishirini, mpaka bega likauma na machozi ya moshi yakachanganyika na ya hasira. Mwishowe akasema, "Ndaga," yaani asante, nikasikia kiti kikiburutwa. Hakusema kama atasafiri.

Asubuhi tulimkuta uani amevaa koti, kofia mkononi.

Kutoka uwanja wa ndege wa Songwe nilikaa kiti cha nyuma yake. Kisogo chake ndicho nilichoruhusiwa kukitazama. Tulipotua Dar es Salaam injini zikanguruma. Mama mmoja aliyekaa pembeni yake akamwita Yesu kwa sauti, akamkamata mzee mkono.

"Tulia, mama," nikamsikia mzee. "Injini haijarudi kinyume. Mapanga yamepindua kiganja tu." Akangoja ngurumo ishuke. "Mkwe wangu ndiye anayeyafunga. Yuko hapo nyuma."

Hakugeuka. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akinitaja. Nililia palepale, mkanda ukiwa bado kiunoni, mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama naogopa ndege.