Bi Siki na Dirisha la Mapokezi

Jina la Bi Siki hakulipenda hata kidogo. Alipachikwa na wifi yake, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, siku alipomkuta jikoni akichanganya dawa yake ya vioo: kikombe cha siki nyeupe, vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kijiko cha spiriti. "Wifi, unasafisha madirisha au unatengeneza kachumbari?" Tangu hapo, kila alikokwenda kufanya usafi jina lilimtangulia.

Miaka tisa alikuwa kibarua. Sasa zahanati mpya ilitaka mfanyakazi mmoja wa kudumu, na msimamizi akamwambia kwanza asafishe, kwa majaribio, dirisha kubwa la mapokezi. Yeye angekuja kulikagua saa tatu asubuhi. Bi Siki aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Alikuwa amechoka kuamka asijue siku itamlisha nini.

Lakini aibu ni mshauri mbaya. Kabla ya kutoka nyumbani aliona haya kunuka siki mbele ya wakubwa, akaongeza kwenye dawa yake vifuniko viwili vya sabuni ya maji yenye harufu ya waridi. Mtu mzima na akili zake! Sabuni nyingi na kioo havipatani, na ni yeye aliyewafundisha hivyo vibarua wenzake wote.

Dirisha lilitazama mashariki. Alilifuta lote, na saa mbili na nusu jua likapiga, michirizi ikajitokeza juu mpaka chini, kama kwamba ndama kakilamba kioo. Mapokezi yananukia waridi, na dirisha halitazamiki. Bi Siki alitamani kulia.

Hakulia. Alitoa mkobani chupa ya siki, akiba yake ya siku zote, akaomba maji safi na spiriti kidogo kwa muuguzi, akachanganya upya. Mlinzi akamshikia shuka upande wa nje, dawa isije ikakaukia juani. Akafuta kwa gazeti kuukuu, pembe kwa pembe, mkono ukimuuma.

Msimamizi akaingia. "Mbona pananuka siki hapa?"

Bi Siki angeweza kusingizia maabara. "Ni mimi, bosi. Mwanzoni nilitia sabuni ya manukato nikaharibu, nikarudia. Harufu hii itaondoka sasa hivi. Ile michirizi ingebaki."

Msimamizi akainama, akakitazama kioo kwa upande. Nje, mlinzi akashusha shuka. Jua likamwagika sakafuni, safi, bila doa.

"Sheria ya hapa," msimamizi akasema, "kila chupa iandikwe jina. Kesho ulete zako zimeandikwa."

Bi Siki akaitikia, akafika mlangoni ndipo neno "kesho" likamwingia. Machozi aliyoyazuia awali yakamtoka hapo hapo.

Jioni aliomba kalamu nene kwa wifi yake, na wifi akitazama, akaandika kwenye chupa, kwa herufi kubwa: DAWA YA VIOO YA BI SIKI.