Kadi ya Sauti ya Kaka

Shangazi aliifua kompyuta ya kaka yangu. Sitanii. Kwetu Njombe, vitu vya marehemu havigawiwi kabla ya kufuliwa, na shangazi, aliyesimamia ugawaji, hakuona sababu ya kubagua. Mablanketi, makoti, viatu, kisha boksi la kompyuta. Alilifungua ubavu, akalimwagia maji ya sabuni ya unga, akalianika kwenye majani pamoja na soksi. Nilipofika kutoka kazini Makambako nilikuta bado linachuruzika. Eti nishukuru, wenzangu wamepata makoti tu.

Lilipokauka, ajabu, likawaka. Gemu letu la utotoni lilikuwamo, ila bubu, maana kadi ya sauti ilikuwa imeliwa na kutu. Na mimi nilichotaka ni sauti. Zamani kaka alifuta maneno ya Kizungu ya gemu lile akaweka ya kwake, aliyoyarekodi sebuleni mvua ikipiga bati. Fundi mmoja alijaribu kuyahamishia kwenye simu akashindwa. Kwingine kokote sauti ya kaka haikubaki.

Kule Makambako, muuza spea za kompyuta aliniwekea kadi mbili mezani. Moja ilikuwa mpya, inang'aa. Nyingine imemeguka kona, ina vumbi, ya aina ileile ya kaka.

"Chukua hii mpya, bosi. Sauti safi mno."

"Gemu la zamani haliitambui."

"Si ununue gemu jipya?"

Nilitamani kumrushia bisibisi yake. Sauti safi ya nini? Nilichukua ile iliyomeguka na sikumuaga.

Nyumbani niliifunga kwenye boksi, nikaanza kucheza. Shangazi aliingia na birika la chai wakati adui ananiua. Gemu lile sijawahi kuliweza. Ikasikika mvua kwanza, halafu kaka, akicheka: "Umekufa tena, mdogo wangu. Rudi mwanzo."

Shangazi akatua birika sakafuni.

"Mwambie aseme tena."

"Hasemi mpaka nife, shangazi."

"Basi kufa, mwanangu."

Nilimwangalia. Mikono ilikuwa ileile iliyoshika ndoo. Nilitaka kuzima kila kitu nimwache na ukimya alioutengeneza mwenyewe. Lakini alishakaa kitako chini, kitenge mdomoni, anasubiri.

Nikajipeleka mbele ya adui, nikasimama. Sijamsamehe. Ila jioni ile, kila alipoomba, nilikufa.