Siku Niliyojipaka Dawa ya Jino Mdomo Mzima

Haya jamani, nawasalimu, mwadila wote, acheni kwanza hayo mambo ya bei ya pamba mnisikilize, maana hii aibu nimeikalia mpaka imeota nyasi, na Nkololo naambiwa bado wanaisimulia, tena wanaongeza chumvi (chumvi ni kazi yangu mimi, siyo yao).

Mnamjua Masanja, mtoto wa dada yangu. Alipata mchumba, Kabula, binti wa mzee Ngassa wa Nkololo, na ukoo ukanichagua mimi niwe msemaji siku ya kuposa, kwa sababu kuongea sichoki. Sasa jino langu la nyuma lilikuwa na tundu, nikinywa maji ya baridi naona nyota mchana, nikasema siku yenyewe asubuhi napita zahanati hapa Bariadi mjini wanitazame, nisije nikashika shavu katikati ya hotuba.

Nilienda kwa woga, nisiwafiche. Babu yangu aling'olewa jino na watu wanne, watatu wa kumshika na mmoja wa kuvuta, kelele zikasikika mpaka Lamadi kule ziwani. Lakini daktari wa meno, dada mmoja mpole wa kutoka Mbeya, akaniambia, "Baba, siku hizi siyo kila jino bovu ni la kung'oa au kuchimba na mashine. Tundu lako bado dogo. Nalikausha, napaka dawa tone moja, uozo unasimama hapo hapo. Ila palipooza patakuwa peusi, na isikuguse mdomo." Nikasema paka, mwanangu. Hakuna sindano wala koleo, dakika mbili kamaliza, mimi bado nimeachama nasubiri maumivu, hayaji.

Akaitwa mlangoni. Kijibakuli cha dawa kikabaki mezani na brashi yake.

Wenzangu, mimi ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe akiwa na kupe mmoja sikioni humpaki sikio, unamtumbukiza mzima kwenye josho, pembe mpaka mkia. Nikajiuliza, huyu dada anabana dawa ya nini, na hayo meno mengine yatapona lini? Nikachovya. Nikapaka juu, nikapaka chini, nikapaka fizi, midomo nayo nikaipaka ndani na nje isije ikalalamika, ladha yake kama umelamba bati. Daktari aliporudi nimefumba mdomo, naitikia kwa kichwa kwa heshima. Nikapanda bodaboda na shati langu jeupe, jua linanipiga usoni mpaka Nkololo, sikujua kumbe ile dawa inaiva taratibu.

Masanja na wazee wetu walikuwa wameshafika, tukapokelewa vizuri, nikasimama, nikaanza kumwaga maneno. "Bhabha Ngassa, ukoo wetu hauna ugonjwa, hauna siri, kila kitu chetu kiko wazi," huku natabasamu mpaka gego la mwisho. Nikaona akina mama wananong'ona, nikajua hotuba imewaingia, nikazidi kutabasamu. Masanja akanipa kitambaa, nikafuta jasho la kichwani nikaendelea. Mwisho mzee Ngassa akanyoosha mkono.

"Msemaji, wakati unashuka kwenye pikipiki ulikuwa na midomo ya kawaida."

"Ndiyo, bhabha."

"Sasa hivi inafanana na kitako cha sufuria."

Nikakimbilia kioo cha bodaboda. Jamani, nilijiamkia kwa heshima, nilidhani ni mtu mwingine.

"Ni dawa ya meno tu," nikasema.

"Dawa ya meno naijua, ni nyeupe," mzee akajibu, na akatangaza kwamba posa inasimama mpaka ajue ukoo wetu una nini, hawezi kutoa binti kwenda kwa watu wanaogeuka rangi mbele ya wageni. Masanja alikuwa karibu kulia. Akachukua kadi yangu ya zahanati, akapiga namba iliyoandikwa pale, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Amejipaka mdomo mzima?" daktari akauliza, kisha nikasikia kama anacheka pembeni. "Mleteni kesho nimwone. Siyo ugonjwa. Midomo itasafika yenyewe baada ya siku kadhaa. Kwenye meno inabaki nyeusi pale palipooza tu."

Hapo ndipo daktari aliponimaliza, bila kujua. Mzee Ngassa akaniambia niachame, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mawili, nikasikia kafika saba, na mimi nyumbani nilikuwa naapa nina jino moja tu bovu. Halafu akataka kuona ya bwana harusi, na ili asionewe peke yake ujumbe wetu wote ukaachama kwa mstari, kama ng'ombe mnadani. Ya Masanja yalikuwa safi kabisa, mzee akaitikia kwa kichwa, akasema basi binti aitwe.

Tangu siku ile daktari akiniambia tone moja, ni tone moja, hata kama anapaka ukuta.

Kabula akaja, akapiga magoti kwa adabu. Baba yake akamwuliza kama mila inavyotaka, "Hawa wageni unawajua? Tuwape jibu gani?" Binti akamtazama Masanja kidogo, akanitazama mimi sana.

"Namkubali, baba," akasema. "Ila siku ya harusi, kamera ya picha zote ashike huyu mjomba wake."