Zamu Yetu ya Maji

Mume wangu alisema kifua kinambana. Nikamwambia aende tu, zamu ya maji isipotee.

Huko Mang'ola tulikodi shamba la vitunguu, na maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Ukichelewa, jirani anafungulia kwake, wewe unabaki kutazama vitunguu vikinyauka. Basi akachukua jembe akaenda. Waliomkuta walisema alikuwa amekaa ukingoni mwa mfereji, amekwisha kufa, na maji yameshaingia shambani. Vitunguu vile vilistawi kuliko vya mwaka wowote. Sikwenda kuvivuna.

Tulimzika kwao, huku juu Karatu. Daktari alinieleza kwamba moyo wake ulikuwa mbovu siku nyingi, hata angebaki kitandani yangekuwa yale yale. Nilimsikiliza kwa adabu na sikumwamini hata kidogo. Waombolezaji nao wakanipa ile ya kila msiba: kazi ya Mungu haina makosa. Sawa. Yangu je? Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja kabla sijapata hata mtoto.

Watu walipotawanyika nilibaki kwa mama mkwe. Nikahamia stoo, nikawa na kikombe changu na sahani yangu, nakula peke yangu. Kanisani sikwenda. Njiani niliwapisha watu kwa mbali, kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Nilichoka kuishi, nasema bila kuficha. Asubuhi niliamka kwa sababu tu macho yalifunguka yenyewe.

Siku moja mama mkwe akaingia bila hodi, akakaa juu ya gunia la mahindi.

"Mwanangu, zamani sisi Wairaqw tulimtenga mfiwa. Chombo chake, njia yake. Wazee ndio waliomtenga, na wazee ndio waliomtoa. Wewe nani amekutenga?"

"Mama, mimi ndiye niliyemtuma."

"Najua. Umeshaniambia mpaka nimechoka. Angeniambia mimi, na mimi ningemtuma. Kifua kikibana si tunakunywa chai ya tangawizi, tunaenda shamba? Sasa nikuchukie? Halafu nibaki na nani?"

Nikaanza tena, kwamba laiti ningemtazama vizuri usoni. Akanikatiza kwa mkono.

"Basi. Kila nikitaka kumlilia mwanangu, nakukuta wewe unalia. Nakubembeleza. Mimi nitalia lini?"

Kweli, tangu mazishi sikuwahi kuona chozi lake, nami nilidhani wazee wameumbwa hivyo. Niliona aibu. Nikasogea, nikaketi kando yake juu ya gunia.

Akalia kwa sauti, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Nilimshika, na sikusema tena kwamba ni mimi niliyemtuma.