Msiba wa Laki Tatu na Nusu

Mektilda anauza asali Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora. Wafugaji nyuki wa Ipole humletea kwa ndoo, wanashuka nayo kwenye gari la Sikonge asubuhi, kisha wanarudi kwao bila hata senti. Yeye huichuja, huijaza kwenye chupa, anaiuza, na mwisho wa mwezi wakija mjini anawalipa. Hakuna aliyewahi kutia saini popote. Ni mali kauli, tangu mumewe yu hai hadi leo yeye ni mjane, na kwenye mali kauli mtu hana mtaji ila jina lake.

Msimu huu mzigo mkubwa ulitoka kwa mzee Masolwa, ambaye alisema wazi kwamba hela zake ni za mabati. Nyumba yake imeezekwa nyasi, na nyasi zenyewe zimechoka. Alitaka mvua zimkute chini ya bati.

Jirani wa Mektilda ni Selemani, fundi baiskeli, Mzaramo aliyekuja Tabora kijana na kazi za reli, akaoa, akazeekea hapo hapo. Mektilda ni Mnyamwezi. Kwa hiyo hao ni watani, na utani wenyewe ni wa zamani, ulianza wakati misafara inashuka pwani na pembe mabegani. Asiyeujua aambiwe tu kwamba kila Ijumaa Selemani huingia uani bila hodi, hujichukulia chupa ya asali bila kulipa, na kumtukana mwenye mali juu yake.

"Mpagazi wangu, mzigo umeshatua?"

"Mzigo gani, mvivu wewe? Mashamba mmeuza yote mkachezea ngoma, sasa mnatembea mkila vya watu!"

Selemani huondoka na chupa yake, Mektilda hubaki akicheka peke yake. Kukasirika hakuruhusiwi. Kumdai ndiyo usiseme.

Basi tazama tapeli alivyopata mlango. Mektilda alikuwa akitamani mashine ya kukamua asali, na benki walimtaka hati ya nyumba ambayo hana. Akaona tangazo kwenye simu: mikopo ya haraka, bila dhamana. Akaandika namba yake. Haikupita saa, mtu akapiga.

"Unaongea kutoka wapi, dada?"

"Tabora."

"Ala! Mnyamwezi? Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Kumbe naongea na mpagazi wangu!"

Mektilda alicheka mpaka akakaa kitako. Alimjibu tusi, yule naye akarudisha, wakaenda hivyo kama watu waliofahamiana miaka. Baada ya hapo hakuuliza ofisi iko wapi. Hakuuliza leseni ya Benki Kuu, wala hakujiuliza ni mkopeshaji gani anayelipwa kabla hajakopesha. Utamdaije mtani leseni? Hata alipoambiwa atume laki mbili za kufungulia faili, hakushtuka. Kwani msibani mtani si hushika jembe la kaburi, akagoma kulitoa mpaka apewe chochote? Akatuma. Kesho yake akatakiwa laki na nusu, bima ya mkopo.

"Ila usimwambie mtu," yule bwana alisema kwa sauti ya chini. "Nafasi chache. Watakuonea kijicho."

Akatuma tena, na zote zilikuwa hela za Ipole. Alijiambia mkopo ungeingia Jumatatu, azirudishe kabla hazijaulizwa. Jumatatu simu ya mtani haikupatikana, wala Jumanne, wala tena. Wizi ni wizi, lakini kuiba kwa kutumia utani ni ushenzi wa aina yake, na mtu huyo angekuwa karibu ningemwambia.

Mektilda hakumwambia hata paka. Usingizi ulipaa, chakula kikawa hakipiti. Kila gari la Sikonge likipiga honi barabarani, alichungulia mlangoni akidhani Masolwa kashuka.

Siku chache baadaye ikaja sauti nyingine, nzito, ya kiofisi. Ilisema ni kitengo cha kuwarejeshea waliotapeliwa. Pesa zake zimekamatwa, zinasubiri elfu hamsini tu ili zifunguliwe. Mektilda alishukuru mpaka machozi yakamlenga. Hakujiuliza mtu yule amejuaje habari ambayo duniani ilijulikana na watu wawili, yeye na mwizi.

Ijumaa Selemani akaingia uani kama kawaida. "Mpagazi, leta changu!"

"Karibu, mzee Selemani," Mektilda akasema, akampa chupa kwa mikono miwili.

Selemani aliitazama chupa, akamtazama yeye. Akaiweka chini.

"Unaumwa nini?"

Hapo Mektilda akamwambia yote kwa kunong'ona, macho yakiwa kwenye mlango wa uani. Habari za ile sauti nzito tu ndizo alizozibakiza, kwa kuwa hilo aliliona tumaini lake la mwisho na hakutaka kuchekwa. Lakini Selemani hakucheka. Alichukua kofia yake akatoka, na asali akaiacha pale pale.

Hilo lilimuuma Mektilda kuliko hela. Hata mtani wake kamdharau! Kwa uchungu huo huo alishika simu akatuma ile elfu hamsini.

Hajaiweka simu chini, kilio kikasikika barabarani.

"Yalaa! Yalaa, jamani! Laki Tatu na Nusu amefariki!"

Selemani alikuwa amejifunga kanga ya mkewe kiunoni na nyingine kichwani. Mikononi alibeba chupa tupu iliyofungwa kitambaa cheupe, kaipakata kama kitoto. "Mtoto wa watu wa Ipole! Kauawa na Mzaramo wa kwenye simu! Nani atamzika?" Watu wakatoka majumbani. Wanawake wawili wakadakia kilio, wengine wakacheka mpaka wakashika kuta. Selemani aliwaongoza mpaka uani kwa Mektilda, akazungusha kofia akidai rambirambi, na noti ndogo ndogo zikaanza kuingia. Mektilda alitamani ardhi ipasuke.

Lakini Veneranda, wakala wa kutuma na kutoa pesa pale njia panda, aliacha kucheka mapema.

"Huyo mtu," aliuliza, "anakohoa kila akitaja hela?"

"Ndiyo."

"Alinipigia na mimi. Kwangu alikuwa Mmoraviani mwenzangu, akaanza na sala kabisa. Nilimpa themanini elfu. Nimenyamaza tangu Pasaka."

Mama mmoja nyuma akasema kwake alikuwa mtoto wa shangazi wa Urambo. Kicheko kikapungua.

Selemani akasogea mbele ya Mektilda, kanga bado kichwani. "Mimi nakula asali yako mwaka wa ngapi huu? Umewahi kuniona nakula nimejificha? Mtani anadai mbele za watu, ili wote wamcheke. Utani wa sirini umeuona wapi?"

Mektilda akaitazama simu yake mkononi. Kisha akasema, "Na huyu wa kurudisha pesa je? Nimemtumia elfu hamsini sasa hivi."

"Sasa hivi?" Veneranda alimnyang'anya simu. Akapiga huduma kwa wateja palepale uani, akataja muamala na namba iliyopokea, na pesa ikazuiwa kabla mwizi hajaitoa. Kutoka hapo waliongozana polisi, yeye na Mektilda na yule mama wa shangazi, wakaandikisha kesi na kuziripoti namba zote. Elfu hamsini ilirudi baada ya siku kadhaa. Askari aliwaeleza bila kuwapamba kwamba zile za mwanzo zilitolewa siku ile ile zilipotumwa, na kwamba yeyote atakayewaahidi kuzirudisha kwa kulipwa kwanza ni mwizi yule yule au mwenzake.

Rambirambi za kofia zilisaidia, lakini pengo lilibaki, na mwisho wa mwezi ukafika. Mzee Masolwa alishuka kwenye gari asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Mektilda hakungoja akae. Alimweleza yote akiwa amesimama, akampa kilichokuwepo. Masolwa alizihesabu noti, akazikunja.

"Tumesikia," alisema. "Habari zilifika Ipole na gari lile lile. Watu wamechukia sana."

"Wana haki, mzee."

"Hela ni zetu, marehemu ni wetu, mnamlilia bila kutuita? Ndiyo heshima hiyo?" Hakucheka. Akazitia noti mfukoni. "Mvua hizi nitanyeshewa, Mektilda. Inaniuma, sikufichi. Utanilipa kidogo kidogo." Akatoka hadi barabarani, akarudi na ndoo mbili za asali, akaziweka pale anapoziweka siku zote.

Mektilda alilia mbele yake, wala hakujifuta.

Ilikuwa Ijumaa. Selemani aliingia bila hodi, chupa mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya Masolwa.

"Toa mkono wako hapo, mvivu wa pwani!" Mektilda alipiga kelele, machozi bado yapo mashavuni. "Mzee wa watu ananyeshewa, wewe unamwibia! Ngoma zimekuishia, sasa umeingia kwenye asali?"

Selemani alijaza chupa mpaka shingoni, akaifunga taratibu, ndipo akamgeukia Masolwa.

"Mzee, rudi Ipole ukawaambie," alisema. "Mgonjwa wetu amepona."