Ringi ya Nyuma ya Kunegunda

Kunegunda alikuwa na miaka hamsini na mbili, na ishirini kati ya hiyo aliimalizia juu ya baiskeli. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji huko Mpitimbi. Mgonjwa asiyeweza kutembea alimpakia kwenye keria, wakaenda taratibu hadi zahanati.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, ringi ya nyuma ilikunjika akiwa amempakia Suzana mwenye mimba ya miezi minane. Wote wawili wakaanguka kwenye tope. Suzana alijipangusa, akacheka, akamalizia njia kwa miguu, na siku kumi baadaye akajifungua salama. Kunegunda hakucheka. Hata mumewe Otto alipoigongagonga ringi ile ikanyooka, hakuthubutu tena kumpakia mtu.

Mwishowe alikwenda Songea mjini na baiskeli yake kutafuta ringi mpya, akidhani ni kazi ya dakika kumi.

Dukani kwa Muhsini, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Nakapanya, ringi za kiwandani zilining'inia juu zikiwa kamili, spoki na habu zake za katikati. Kunegunda akanyoosha kidole.

"Nipe ile."

"Shikamoo mama. Unabebea nini?"

"Watu."

Muhsini aliishusha, akaizungusha, kisha akairudisha juu. "Wallahi nisikudanganye. Hizi zimekazwa na mashine harakaharaka. Mtu mmoja kwenye lami, sawa. Mzigo kwenye makorongo, spoki zinalegea. Nenda Mjimwema kwa mzee Mathias akusukie ringi kwa mkono. Hata yangu kasuka yeye."

Akaenda. Mathias alikuwa kibarazani kwake, ringi tupu mapajani.

"Shikamoo baba. Natoka Mpitimbi. Nimetumwa na Muhsini unisukie ringi."

"Marahaba." Mzee akaguna. "Huyo kijana ananisifu mno. Mwanangu, ringi ya kusuka ni nzuri, lakini inataka kukazwa tena baada ya wiki, na tena baada ya mwezi. Huko Mpitimbi nani atakukazia? Chukua ya dukani. Ikiharibika unaweka nyingine."

Kunegunda akaaga. Muuzaji amemkataza kununua, na msukaji amemkataza kusukiwa! Kama wote wawili ni wakweli, aende wapi? Alitoka, akapiga hatua kuelekea mjini, akarudi, akaenda tena. Muuza karanga mmoja akamuuliza kama amepotea.

"Sijapotea, ila sijui ninakokwenda."

Aliporudi kwa Mathias, hakuwa amepata jibu. Alirudi tu kwa sababu kwake ndiko kulikuwa karibu.

"Nisukie, baba. Halafu unifundishe kukaza."

Walikaa mpaka alasiri. Mzee alipitanisha spoki arobaini, moja juu, moja chini, kisha akamwambia azigonge kwa kucha asikilize, kwa kuwa iliyolegea hulia vibaya.

"Zote zinalia sawa."

"Bado hujasikia."

Kunegunda akaitikia tu, mzee akaifunga ringi kwenye baiskeli, akampa spana ndogo ya kukazia.

Njiani kurudi ringi ilitoa sauti, ti! ti! Alishuka mara tatu kuikagua. Je, mzee alisema italia hivyo mwanzoni, au alisema ikilia hivyo kuna hatari? Hakukumbuka. Nyumbani alikaza spoki, ringi ikayumba. Akalegeza, ikayumba upande mwingine. Otto akamshauri aache kabla hajaimaliza.

Kila Jumamosi alirudia kuzigonga, na Jumamosi ya tano ndipo kucha yake ilipokutana na spoki iliyolia butu kama debe. Akaruka.

"Otto, njoo usikie!"

Otto aliinama, akasikiliza, akasema hasikii lolote. Kunegunda akazungusha spana nusu, spoki ikalia sauti moja na wenzake. Kesho yake alimpakia mzee Amedeus mwenye kidonda mguuni, wakavuka makorongo yote bila kushuka.

Mwaka huo huo ringi ya mbele nayo ikachakaa. Hiyo akainunua kwa Muhsini, ya kiwandani. Alijieleza kwamba mbele hakubebi mtu. Siku nyingine alisema ni uvivu tu wa kukaza.

Jirani yake Leticia, naye akitaka kutengeneza baiskeli yake, alimfuata uani.

"Dada, wewe unazo zote mbili. Ipi bora?"

Kunegunda alitazama ringi ya mbele, akatazama ya nyuma.

"Unabebea nini?" akauliza, na Leticia alipojibu kwamba hajui bado, wakakaa chini wote wawili wakiitazama baiskeli.