Mabaka ya Manjano

Kila asubuhi kabla ya chai, mkunga mstaafu alipiga magoti mbele ya nyumba na kuyapapasa mabaka ya manjano kwenye nyasi zake kama alivyozoea kupapasa matumbo ya wajawazito, kwa ncha za vidole, macho kayafumba, akiguna. Alishamwagilia, akatia mbolea, na mabaka yakazidi kutanuka. "Nyasi ni nyasi tu, ziache," mumewe alimwambia kutoka barazani. "Haziugui bila sababu, baba watoto," akajibu bila kuinua kichwa. Sababu alidhani anaijua: mkojo wa mbwa wa jirani. Alikuwa amemnunia jirani huyo, mwanamke waliyezoea kutaniana naye juu ya ukuta mfupi, hata salamu zikakauka.

Siku hiyo alishika fungu la nyasi kavu, akavuta. Zikainuka kama mkeka, hazina mizizi, na chini yake wamejikunja mabuu weupe, wanene kama kidole. Aliguna kwa muda mrefu. Kisha akaenda moja kwa moja mlangoni kwa jirani, udongo magotini, buu kiganjani. "Dada, mbwa wako nimemsingizia. Mla mizizi ni huyu."

Jirani akamtazama buu, kisha akamtazama yeye. "Na mimi uliyeninunia?"

"Wewe nimekuja kukuomba radhi. Halafu uniazime jembe. Leo nachimbua pote, nawatoa wote, napanda upya."

"Jembe langu haliendi peke yake," jirani alisema, akaanza kukunja mikono ya gauni.